Kilo Zinazorudi kwa Mpangilio: Kumlisha Mtoto Aliyekonda Baada ya Ugonjwa

Mtoto aliyeugua nimonia, kuhara, malaria au surua hupungua uzito hata kama kwao chakula hakikosekani. Homa huufanya mwili utumie nguvu nyingi kuliko siku za kawaida, hamu ya kula hupotea, na utumbo uliochubuliwa na kuhara hushindwa kufyonza hata kile kidogo kinachomezwa. Mwili usipopata cha kufidia pengo hilo huanza kujila wenyewe: kwanza mafuta yaliyo chini ya ngozi, kisha misuli ya mikono, mapaja na makalio. Mtoto wa mwaka mmoja mwenye afya huongeza gramu 200 hadi 250 hivi kwa mwezi, na wiki moja ya kuhara inaweza kufuta kazi yote ya mwezi huo.

Katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania jambo hili lina uzito wa pekee. Mbeya na Iringa ni mikoa inayolisha wengine: mahindi ya Ismani, mchele wa Kyela na Usangu, viazi vya Uyole, ndizi, maziwa na maparachichi ya Rungwe, nyanya za Ilula. Hata hivyo, Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa Iringa ndiyo iliyoongoza nchini kwa udumavu, ikiwa na asilimia 56.9 ya watoto walio chini ya miaka mitano, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Mbeya ilikuwa karibu na wastani huo.

Udumavu ni ufupi usiolingana na umri, na ukondefu ni wembamba usiolingana na urefu. Ni hali mbili tofauti, ila zina undugu. Mwili uliopungukiwa hurudisha uzito kwanza, kisha ndipo hushughulikia urefu. Mtoto anayeugua tena kabla hajapona sawasawa hubaki akilipa deni la uzito mwezi hadi mwezi, na urefu unasimama. Kwa hiyo kumrudishia uzito baada ya kila ugonjwa ni njia mojawapo ya kuzuia udumavu, mradi kazi hiyo ifanywe kwa mpangilio. Mtoto aliyekonda kidogo hupona kwa chakula cha nyumbani. Aliyekonda sana anaweza kufa akilishwa kwa pupa.

Kumpima kabla ya kumlisha

Hatua ya kwanza ni kujua mtoto yuko kundi gani, maana matibabu ya makundi hayo hayafanani. Zahanati na vituo vya afya hutumia vipimo vitatu, na vyote huchukua dakika chache.

Kipimo cha kwanza ni uzito, unaoandikwa kwenye kadi ya kliniki na kulinganishwa na umri au urefu. Namba moja peke yake haisemi mengi. Mwelekeo wa mstari ndio unaosema. Mstari unaopanda hata kama uko chini unatia moyo kuliko ulio juu lakini umelala au unashuka. Cha pili ni utepe wa rangi unaozungushwa katikati ya mkono wa kushoto, kati ya bega na kiwiko, kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Sentimita 12.5 na kuendelea ni kijani. Kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni njano, yaani utapiamlo wa kadiri. Chini ya 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali.

Kipimo cha tatu hakihitaji kifaa. Mhudumu hubonyeza juu ya nyayo zote mbili kwa dole gumba kwa sekunde chache kisha huachia. Kama panabaki kishimo kwenye miguu yote miwili, mtoto amevimba maji, na hiyo ni kwashakoo hata kama mashavu yamejaa na mizani inaonyesha uzito mzuri. Uvimbe huo huwapotosha wazazi wengi, kwa sababu mtoto huonekana amenenepa wakati misuli yake imekwisha. Nywele zinazonyooka na kupauka, ngozi inayobanduka na uso usio na furaha huja pamoja na hali hiyo.

Baada ya vipimo hivyo huangaliwa hamu ya kula na dalili za hatari. Mtoto aliye kwenye nyekundu lakini mchangamfu, asiye na homa wala uvimbe mkubwa, na anayekula vizuri chakula dawa anachopewa mbele ya mhudumu, hutibiwa akitokea nyumbani. Asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyelegea, aliyepata degedege, anayepumua kwa haraka au aliyepoa mwili hulazwa. Mtoto wa chini ya miezi sita aliyekonda hupelekwa hospitali akachunguzwe. Chakula chake ni maziwa ya mama, na uji au maziwa ya ng'ombe humuongezea hatari.

Kwa nini pupa huua

Mtoto aliyekonda sana amepunguza kasi ya viungo vyake vyote ili aishi kwa kidogo. Misuli ya moyo imekuwa myembamba, ini halitengenezi sukari ya kutosha, figo hazitoi chumvi ipasavyo, na seli zimepoteza potasiamu na magnesiamu huku sodiamu ikijirundika ndani yake. Akipewa ghafla sinia la chakula kizito, insulini hupanda na kuvuta fosfeti na potasiamu kutoka kwenye damu kuingia ndani ya seli. Damu hubaki na upungufu wa madini yanayoendesha mapigo ya moyo. Wakati huohuo chumvi na maji humiminika kwenye mishipa, na moyo dhaifu hushindwa kuvisukuma. Mtoto aliyeonekana kupata nafuu jioni anaweza kufariki usiku.

Mwaka 1996 watafiti Claire Schofield na Ann Ashworth walipitia taarifa za hospitali kutoka nchi mbalimbali wakakuta kuwa vifo vya watoto wenye utapiamlo mkali vilikuwa havijapungua tangu miaka ya 1950: katika hospitali nyingi, mtoto mmoja kati ya wanne au watano alifariki. Sababu kubwa ilikuwa matibabu yasiyofaa: dripu zilizotolewa ovyo, protini na madini ya chuma siku za mwanzo, na watoto kuachwa usiku kucha bila chakula. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa hatua kumi mwaka 1999, na hospitali zilizoufuata kwa uangalifu zilipunguza vifo hivyo kwa kiasi kikubwa.

Hatua hizo zina awamu mbili. Awamu ya kwanza, ya siku chache hadi wiki, haina lengo la kunenepesha. Lengo ni kumtuliza mtoto: kuzuia sukari ya damu isishuke, kumtia joto, kurudisha maji kwa tahadhari, kurekebisha madini na kutibu maambukizi. Antibiotiki hutolewa hata bila homa, kwa sababu mwili uliochoka hauna nguvu ya kupandisha joto unaposhambuliwa. Dripu hutumika tu mtoto anapokuwa katika mshtuko. Dawa za kuongeza damu zenye madini ya chuma husubiri hadi uzito uanze kupanda, kwani madini hayo yakitolewa mapema yanaweza kulisha vimelea na kudhuru tishu.

Chakula cha awamu hii ni maziwa dawa yanayoitwa F-75, yenye kilokalori 75 na protini kidogo katika kila mililita 100. Kipimo ni mililita 130 kwa kila kilo kwa siku, na hupunguzwa kwa mtoto aliyevimba sana. Mtoto wa kilo 6 hupata mililita 780 kwa saa 24. Zikigawanywa kila baada ya saa mbili, kila mlo ni mililita 65, karibu robo ya kikombe cha chai. Mama aliyelala naye wodini huona ni kidogo mno, na ndugu wanaoleta chupa ya uji kutoka nyumbani hufikiri wanasaidia. Wauguzi huwaeleza kwamba siku hizi chache ndizo za hatari zaidi, na kwamba mlo wa saa nane usiku una maana sawa na wa mchana. Kwa mtoto mwenye kwashakoo, mizani hushuka kwanza maji ya uvimbe yanapotoka. Kushuka huko ni dalili ya kupona.

Baridi ya Nyanda za Juu huongeza kazi. Mwezi Juni na Julai usiku wa Mufindi, Makete na milima ya Uporoto huwa mkali, na mtoto asiye na mafuta chini ya ngozi hupoteza joto upesi. Humfaa kofia, soksi, nguo kavu na kulala kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, wote wakiwa wamefunikwa blanketi. Kumuogesha kwa maji baridi au kumwacha na nepi iliyolowa humaliza nguvu alizozipata kwenye maziwa.

Safari ya kwenda hospitali nayo ni sehemu ya matibabu. Kutoka vijiji vya pembezoni hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa, Tosamaganga au Chimala, saa kadhaa zinaweza kupita njiani. Mtoto anayeweza kumeza huendelea kunyonyeshwa, na huweza kupewa maji ya sukari kidogo kidogo: kijiko kimoja cha chai kilichojaa sukari katika vijiko vitatu na nusu vya chakula vya maji safi. Kiasi hicho huzuia sukari ya damu kushuka kabla hajafika.

Hamu inaporudi

Alama ya kuhama awamu ni hamu ya kula. Mtoto anayemaliza maziwa yake na kutaka zaidi, ambaye uvimbe wake unapungua, huhamishwa kwa siku mbili au tatu kutoka F-75 kwenda F-100, maziwa dawa yenye nguvu zaidi, au chakula dawa. Chakula dawa ni laini na chenye mafuta, hutengenezwa kwa karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Kilibuniwa mwaka 1996 nchini Ufaransa na André Briend na Michel Lescanne. Pakiti moja ya gramu 92 ina kilokalori 500. Haichanganywi na maji wala kupikwa, kwa hiyo vijidudu havipati pa kukulia. Ndiyo iliyowezesha matibabu kuhamia nyumbani, na mwaka 2007 mashirika ya Umoja wa Mataifa yaliidhinisha utaratibu huo kwa watoto wasio na matatizo mengine.

Masharti yake ni machache. Anayenyonya hunyonyeshwa kwanza, kisha hupewa chakula dawa kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, pamoja na maji safi ya kunywa, kwa sababu humtia kiu. Pakiti hizo ni dawa ya mtoto mmoja. Zikigawiwa ndugu zake au zikiuzwa, mgonjwa hubaki palepale na mhudumu hukosa kujua sababu. Mtoto hurudi kliniki kila wiki, au kila baada ya wiki mbili kama amepangiwa hivyo, kupimwa na kupewa nyingine.

Katika awamu hii uzito hupanda kwa kasi ambayo mtoto mzima hawezi kuifikia. Wodini, ongezeko la gramu 10 kwa kila kilo kwa siku ni zuri, kati ya 5 na 10 ni la wastani, na chini ya 5 hudai uchunguzi. Mtoto wa kilo 7 anayeongezeka gramu 5 kwa kila kilo hupata gramu 35 kwa siku, karibu robo kilo kwa wiki. Nyumbani kasi huwa ndogo zaidi, lakini mstari wa kadi unapaswa kupanda kila ziara.

Hesabu ya kikombe cha uji

Watoto wengi wanaotoka kuugua hawafiki kwenye nyekundu. Wamepungua, wamechoka, na tiba yao ni jiko la nyumbani. Ushauri wa kawaida wa kliniki ni mlo mmoja wa ziada kila siku kwa wiki mbili baada ya kupona, au hadi uzito wa zamani urudi, na kuendelea kunyonyesha. Aliyehara hupewa pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku kuanzia miezi sita, na 10 kwa mdogo zaidi.

Tatizo huwa ndani ya kikombe. Tumbo la mtoto hubeba mililita 30 hivi kwa kila kilo, kwa hiyo mtoto wa kilo 7 hujaa kwa mililita 210 kwa mlo mmoja. Uji mwepesi wa sembe, gramu 10 za unga katika mililita 100, una kilokalori 36 tu katika kipimo hicho. Milo mitano ya kumshibisha kabisa humpa chini ya kilokalori 400 kwa siku. Mtoto huyo anapofidia uzito anaweza kuhitaji kilokalori 150 kwa kila kilo, yaani 1,050. Kwa uji huo mwepesi angelazimika kunywa karibu lita tatu. Ndiyo maana mtoto anaweza kushiba mara tano kwa siku na bado asiongezeke.

Uji uleule ukipikwa mzito, gramu 40 za unga katika mililita 200, hufikia kilokalori 144. Kijiko kimoja cha chakula cha karanga zilizosagwa huongeza karibu 90, na kijiko cha chai cha mafuta ya alizeti huongeza kama 45. Bakuli hilo lina karibu kilokalori 280, na milo mitano humfikisha mtoto kwenye lengo hata akibakiza robo ya kila bakuli. Milo hiyo isipokuwa na protini ya kutosha, hata hivyo, hujenga mafuta zaidi kuliko misuli. Ndiyo sababu maziwa, yai, dagaa au maharage huwa na nafasi yake humo.

Uji mzito una kikwazo: mtoto dhaifu hushindwa kuumeza. Dawa yake ni kimea, ambacho Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania iliwahi kukitangaza vijijini. Ulezi hulowekwa siku moja, huachwa uchipue siku mbili au tatu, hukaushwa juani, vichipukizi huondolewa kwa kupekecha na kupeta, kisha husagwa. Uji mzito ulioiva huepuliwa, ukishapoa kidogo hutiwa kijiko kimoja cha unga wa kimea na kukorogwa. Vimeng'enya vya kimea hukata wanga, na ndani ya dakika chache uji uliokuwa ukisimamisha mwiko huanza kutiririka bila kuongezwa maji. Hurudishwa motoni uchemke tena ndipo apewe mtoto.

Uji uliochachushwa, jamaa ya togwa, nao una faida. Uchunguzi wa Wilbald Lorri na Ulf Svanberg, uliochapishwa mwaka 1994, ulionyesha kuwa watoto wa Tanzania waliokula uji uliochachushwa waliharisha kidogo kuliko wenzao, kwa sababu asidi yake huzuia vijidudu kukua. Togwa ni tofauti kabisa na pombe. Ulanzi, pombe ya mianzi, hata ukiwa mtamu wa asubuhi hauna nafasi katika kikombe cha mtoto.

Jambo jingine la jikoni ni ule unga wa lishe unaouzwa masokoni, wenye mahindi, ulezi, mchele, ngano, soya, karanga na dagaa katika mfuko mmoja. Wataalamu wa lishe nchini huushauri kwa tahadhari au kuukataa. Nafaka na mikunde haviivi kwa muda mmoja, na soya isiyoiva vizuri humsumbua mtoto tumboni. Karanga zilizosagwa na kukaa wiki nyingi huchacha mafuta, na punje moja yenye ukungu hueneza sumukuvu katika mfuko mzima. Njia salama ni kusaga nafaka moja au mbili, dona au ulezi, kisha kuongeza vingine wakati wa kupika: karanga zilizochambuliwa na kukaangwa karibuni, maziwa, yai au dagaa waliotwangwa na kuchekechwa. Karanga nzima hazipewi mtoto mdogo kwa sababu humkaba.

Kila wilaya ina chakula chake cha kufanyia kazi hiyo. Rungwe, ndizi zilizopikwa kwa maziwa na kupondwa, au parachichi lililovurugwa na kiazi, huwa na nishati nyingi katika vijiko vichache. Kyela kuna usipa, samaki wadogo wa Ziwa Nyasa, ambao wakikaushwa na kutwangwa huliwa pamoja na mifupa yao. Kilolo na Mbeya Vijijini, viazi mviringo vilivyopondwa kwa maziwa na mafuta humezeka hata na mwenye vidonda mdomoni. Maharage ya Mbeya yakipikwa laini, yakamenywa na kupondwa huingia kwenye uji au ugali. Majani ya maboga, mchicha na karoti hukatwakatwa na kuivishwa kwa mafuta kidogo, yanayosaidia vitamini A kufyonzwa.

Mkono unaolisha

Chakula bora kikiwa mbele ya mtoto asiye na hamu hubaki kwenye bakuli. Mtoto anayetoka kuugua hula polepole, huchoka, hugeuza uso. Akiwekwa kwenye sinia moja na kaka zake hushindwa kabla hajaanza. Humfaa bakuli lake mwenyewe ili kiasi alichokula kijulikane, mtu wa kukaa naye akimtazama na kuzungumza naye, na mapumziko mafupi katikati ya mlo. Kumbana pua na kumimina uji, mtindo ambao baadhi ya walezi huutumia kwa nia njema, huweza kupeleka chakula mapafuni na kumfanya achukie kijiko.

Mchezo ni sehemu ya tiba, nao umo katika hatua kumi za Shirika la Afya Duniani. Utapiamlo mkali hupunguza udadisi na kuchelewesha ukuaji wa ubongo. Nyimbo, kopo lenye kokoto, mdoli wa matambara na kubebwa huku akisemeshwa humrudishia uchangamfu, na mtoto mchangamfu hula zaidi.

Kulisha kwa namna hii kunahitaji muda, na hapo ndipo shida ya mikoa yenye chakula inapojificha. Msimu wa kilimo mama huondoka alfajiri kwenda shamba la mbali, kuchuma chai Mufindi au kuvuna nyanya Ilula, na mtoto hubaki na dada wa miaka minane na sufuria ya uji wa asubuhi. Milo mitano haipatikani bila mtu mzima wa kuisimamia. Familia zinazofanikiwa hugawana kazi: baba au bibi hushika mlo wa mchana, uji hubebwa kwenye chupa ya chai, mama hubebewa kuni ili apate nafasi ya kunyonyesha.

Uzito unapokataa kupanda

Mtoto anayekula vizuri kwa wiki mbili bila kuongezeka anabeba kitu kingine. Kifua kikuu kwa watoto mara nyingi hujitokeza kwa kutopanda uzito kabla ya kikohozi kikubwa. Iringa na Mbeya, pamoja na Njombe, ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa zaidi ya VVU nchini, kwa hiyo kipimo cha VVU ni cha lazima kwa kila mtoto mwenye utapiamlo mkali. Akikutwa na maambukizi na kuanzishiwa dawa, uzito huanza kuitikia. Minyoo, vidonda vya mdomoni, maambukizi ya mkojo au ya sikio, na kuhara kunakojirudia kwa sababu ya maji machafu huchunguzwa pia.

Kuna vikwazo vinavyotoka kwa majirani. Mtoto aliyekonda husemwa kuwa amebemendwa, yaani wazazi wake wamekiuka mwiko wa tendo la ndoa akiwa ananyonya. Aibu ya maneno hayo huwafanya wazazi wamfiche ndani hadi hali iwe mbaya, au wamwachishe ziwa ghafla. Watoto wengine hupelekwa kukatwa kimeo au kung'olewa yale yanayoitwa meno ya plastiki, na kidonda kinachobaki humzuia mtoto kula na huweza kumwambukiza. Kukonda huko kuna sababu zinazopimika, na zahanati huzitafuta moja baada ya nyingine.

Mizani ya kijiji

Iringa ina historia katika jambo hili inayosomwa duniani. Desemba 1983 serikali ya Tanzania, Shirika la Afya Duniani na UNICEF, kwa fedha za serikali ya Italia, walianzisha mpango wa lishe katika vijiji 168 vya mkoa huo, ambao wakati ule ulijumuisha Njombe ya leo. Kila baada ya miezi mitatu watoto wa kijiji walipimwa hadharani, matokeo yakasomwa mbele ya kamati ya kijiji, na kijiji kikaulizana sababu: mama hana muda, maji yako mbali, au mtoto huyu ameugua mara tatu. Kisha kiliamua la kufanya na kupima tena. Wahudumu wa kijiji walifundishwa, na vituo vya kulishia watoto mchana vikafunguliwa ili mama awe shambani bila mtoto kukosa mlo.

Kati ya mwaka 1984 na 1988 utapiamlo mkali kwa kipimo cha uzito kwa umri ulishuka kutoka takriban asilimia 6 hadi karibu 2. Mfumo wa kufikiri uliokomaa Iringa, wa kutazama chakula, magonjwa na matunzo kwa pamoja kama visababishi vya utapiamlo, uliingia katika mkakati wa lishe wa UNICEF wa mwaka 1990 na bado unatumika. Mikutano hiyo ya mizani inaishi leo kwa jina la Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, inayofanyika kila robo mwaka.

Kumfuatilia hadi mwisho

Mtoto wa utapiamlo mkali hutolewa kwenye matibabu mkono wake unapofikia sentimita 12.5, au uzito wake kwa urefu unapofikia kiwango kinachokubalika, kwa kipimo kilekile alichoingilia, na akiwa hana uvimbe kwa wiki mbili. Kutolewa huko si kupona kabisa, kwa kuwa miezi inayofuata ndiyo ya kurudi nyuma. Ziara za kliniki huendelea kwa angalau miezi sita, huku chanjo zilizokosekana zikikamilishwa, na matone ya vitamini A na dawa za minyoo zikitolewa Juni na Desemba katika Mwezi wa Afya na Lishe ya Mtoto.

Nyumbani, mlezi hubaki na kazi tatu: kutompunguzia milo mtoto akishaanza kuonekana mnene, kumnyonyesha hadi miaka miwili au zaidi, na kumuongezea mlo kila anapougua, tangu siku ya kwanza ya ugonjwa. Uvimbe ukirudi miguuni, akikataa kula, akihara damu, akipumua kwa haraka au akipoa mwili, hurudishwa kituoni siku hiyohiyo bila kusubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.